Nguzo ya muda, kifo cha kudumu!

TUSIDANGANYANE. Umeme si hadithi tena wilayani Ngara. Mitambo ya Rusumo, yenye megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, ilianza kuzalisha mwaka 2023. Wakubwa walipiga makofi. Sawa. Lakini leo tuulizane habari ya nguzo ndogo kuliko zote: ile ya muda, inayosimikwa kiwanjani kabla nyumba haijapanda.

Iwe Ntobeye au Dar es Salaam, nguzo hiyo hubeba ubao, mita na soketi. Hapo ndipo pampu ya maji na mashine ya kuchomelea huchomekwa. Na anayezishika ni nani? Si tajiri mwenye kiwanja. Ni kijana mlalahoi, saidia fundi, ndala miguuni na matope hadi kwenye vifundo.

Waya ukichubuka ndani ya mashine, bodi yote ya chuma inakuwa na umeme. Kazi ya ethi ni kuupeleka ardhini. Lakini fundi wa bei chee hugongea kipande cha nondo futi moja, akafunga waya kwa nailoni, akadai amemaliza. Huo ni usanii!

Tena hata fimbo ya shaba iliyozama vizuri haitoshi peke yake. Piga hesabu ya kidato cha nne. Udongo mkavu wenye mawe waweza kuipa ethi ukinzani wa omu 100. Volti 230 ukigawa kwa 100 unapata ampea 2.3. Breka ya kawaida ya ampea 20 haishtuki kabisa! Mashine inaendelea kuwa na umeme, wakati mtu huweza kuuawa na chini ya ampea moja ya kumi.

Dawa ipo: breka inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampea 30. Bei yake haifikii mlango mmoja wa mninga. Kwa nini basi haifungwi?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003. EWURA hutoa leseni za mafundi umeme. Lakini darasa au zahanati ikijengwa kwa fosi akaunti, kamati inahesabu mifuko ya saruji na nondo. Ethi anaihesabu nani?

Tunadai hivi: nguzo ya muda isiwashwe mpaka fundi mwenye leseni apime ethi, aijaribu breka, kisha aweke sahihi yake. Akitokea mtu kufa, tujue wa kumuuliza.

Na wewe kijana, kabla hujashika mashine ya mtu, uliza: ethi iko wapi? Tajiri akikufokea, iache mashine yake chini. Ujira wa kutwa haununui roho.