Makadirio ya Kaunti Yasomwe kwa Kiswahili

Kabla sijafika mbali nakuuliza swali moja dogo. Mwakilishi wa wadi ya kwenu ni nani? Usitazame dari, jibu halipo huko. Jioni moja baada ya maandalio niliwauliza wenzangu bwenini swali hili, tukiwa watu 16. Kila mmoja alimjua rais wa Marekani na mawaziri kadha wa Nairobi. Wachezaji wa Arsenal ndio usiseme, hata nambari za jezi zao walizitaja. Lakini waliolijua jina la mwakilishi wa wadi yao walikuwa 4 tu, na mmoja wao alilijua kwa sababu mheshimiwa ni mjomba wake.

Siwacheki. Mimi mwenyewe ningalikuwa miongoni mwa wale 12 lau si nyanya yangu.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Sisi tunaishi pembezoni mwa jiji la Nakuru, mahali ambapo zamani palikuwa na mashamba ya mahindi na sasa ni ploti za 50 kwa 100, nyumba za mawe zimeota kama uyoga. Nyumba zilikuja lakini mitaro haikuja. Mvua ya masika ikinyesha, maji yote ya mtaa wa juu huingia uani kwa nyanya, yakapita jikoni na kutokea upande wa pili bila kubisha hodi. Basi tulipopata fununu kwamba kutakuwa na mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi juu ya bajeti, nyanya alijifunga kitenge chake cha kanisani akaniambia, "Twende, mjukuu wangu. Leo huo mtaro nitausema."

Tulifika saa tatu kamili kama tulivyoambiwa. Wakubwa walifika saa tano na nusu, na hiyo nayo ni hadithi nyingine. Tukagawiwa karatasi. Zilikuwa karatasi nzuri za rangi, zenye majedwali na tarakimu chungu nzima, zote kwa Kiingereza. Nyanya aliigeuza yake juu chini, chini juu, kisha akaikunja taratibu akaitia mkobani. Afisa mmoja akasimama akaanza kusoma. Alisoma karibu saa nzima kwa Kiingereza cha ofisini. Alipoona watu wanasinzia akabadilisha gia, akaanza kufafanua kwa lugha ya mama ya walio wengi pale, akatia na utani. Upande mmoja ukacheka mpaka machozi. Upande wa pili, walikokaa majirani zetu wenye lugha nyingine, watu walitazamana tu. Wawili wakainuka polepole wakaenda zao.

Maswali yalipewa dakika 20. Nyanya aliinua mkono mara tatu, hakuonekana. Wakati wa kutoka tuliombwa kutia sahihi katika daftari la mahudhurio, naye akatia. Njiani akaniuliza, "Sasa mtaro umo au haumo?" Mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu niliyepata B+ ya Kiingereza muhula uliotangulia, niliisoma ile karatasi mara mbili usiku ule na sikuweza kumjibu nyanya yangu.

Ile sahihi ndiyo iliyonikera kuliko yote. Huko mbele si ajabu ikaonyeshwa kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Hebu tuitazame sheria. Katiba iliyoidhinishwa rasmi Agosti 27, 2010 inasema katika Kifungu cha 7 kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 196 nacho kinalitaka bunge la kaunti lirahisishe kushiriki kwa wananchi katika shughuli zake. Viweke vifungu hivi viwili pamoja, kisha uniambie ile karatasi ya rangi iliandikiwa nani. Kumshirikisha mtu kwa lugha asiyoielewa ni kumwalika chakulani halafu sufuria ukaifungia kabatini.

Wazazi wetu walikuwa na halmashauri ya manispaa na madiwani wake. Mambo hayo yalikwisha kaunti zilipoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na tukaambiwa kuwa sasa serikali imeletwa mlangoni. Kaunti yetu ina wadi 55, kutoka Kuresoi hadi Naivasha. Desemba 1, 2021 Nakuru ikapewa hati ya kuwa jiji, la 4 baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, nasi tukapiga vigelegele. Naam, serikali imefika mlangoni. Shida ni kwamba inapiga hodi kwa lugha ambayo mwenye nyumba haielewi.

Nilipomweleza mwalimu mmoja hapa shuleni maoni haya alinipinga, na kwa sababu namheshimu nitayataja aliyosema. Kwanza, eti Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya mambo ya fedha. Pili, kutafsiri kunagharimu. Hoja ya kwanza siikubali hata kidogo. Makadirio, mapato, matumizi, zabuni, ruzuku, madeni, ukaguzi: maneno haya tunayasikia redioni katika taarifa ya habari na hakuna anayeuliza maana yake. Tena Julai 4, 1974 Mzee Kenyatta aliamuru Bunge la taifa lijadili mambo yake kwa Kiswahili, na wabunge wakajadili, japo wengine kwa kujikwaa. Miswada ndiyo iliyoendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na nadhani ugonjwa wetu ulianzia hapo: mdomo Kiswahili, kalamu Kiingereza.

Hoja ya gharama ina uzito. Kutafsiri kitabu kizima cha bajeti si mchezo. Lakini ni nani aliyeomba kitabu kizima? Nyanya anahitaji ukurasa mmoja wa wadi yake: mradi gani, mahali gani, pesa ngapi, utaanza lini. Basi.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa uangalifu. Nakuru ni mchanganyiko wa watu. Mwaka 1992, mwaka 1998 na tena mwaka 2008, watu wa Bonde la Ufa waliokuwa wakikopeshana chumvi waligeukiana. Nyanya husema machache sana juu ya Januari ile ya 2008. Mtu anayezoea kuona wenzake wakicheka kwa jambo asilolielewa mwishowe hudhani anachekwa yeye. Lugha ya mama ni tamu na mimi naipenda, lakini mkutano wa pesa za watu wote si mahali pake.

Wako watakaosema mtaro ni jambo dogo la kuandikiwa makala nzima. Mei 9, 2018 bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka huko Solai usiku, likaua watu zaidi ya 40. Aprili 29, 2024 maji yakawakuta watu wa Mai Mahiu wakiwa wamelala, na makumi ya watu wakafa. Kote huko ni kaunti yetu hii hii. Baada ya Solai ndipo nchi nzima ikaanza kuuliza juu ya vibali vya mabwawa na nani huyakagua. Maswali kama hayo yangefaa kuulizwa mkutanoni, mchana, kabla ya mvua.

Sasa nageukia Chama chetu. Kila mwaka tunaghani mashairi na kushindana kwa vitendawili, mambo mazuri. Lakini sheria inataka makadirio yafikishwe mbele ya bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wanachama wetu wanatoka wadi nyingi. Kila mmoja angetafuta karatasi ya wadi yake, tukaketi pamoja alasiri mbili tatu na kamusi, tukatoa ukurasa mmoja mmoja wa Kiswahili na kuupeleka nyumbani. Mlezi wa Chama amekwisha kutupa nafasi kwenye ubao ulio karibu na bwalo.

Ukurasa wa kwanza uko pale, ni wa wadi yetu. Mwalimu wa Elimu ya Biashara alinisaidia kwa zile tarakimu. Kuna barabara moja ya kutiwa murram, kuna darasa la chekechea na taa za sokoni. Mtaro haumo. Nakala moja nilimpelekea nyanya siku ya mapumziko ya katikati ya muhula. Aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari, kisha akaniuliza mkutano unaofuata ni tarehe gani.