Mshauri wa Mtoto si Mpelelezi wa Mzazi



Baada ya swala ya Ijumaa, baba mmoja alitushika mkono nje ya msikiti hapa Nyamirambo, akitaka tumsaidie kudai haki yake. Amempeleka binti yake wa miaka 14 kwa mshauri nasaha mara tatu, na kila akiuliza mtoto kasema nini, anajibiwa kuwa mazungumzo yale ni siri ya binti. "Nalipa mimi, halafu nafichwa mimi!"

Tulimwambia wazi kwamba asidai hivyo. Tunaandika ili wengine walijue jambo hili kabla ya kuanza, maana tumechoka kuona watoto wakitolewa katika ushauri kwa sababu tu mzazi hakuletewa ripoti. Mtoto akijua kila neno litafika mezani wakati wa chakula cha usiku, atasema yale unayotaka kuyasikia, nawe utakuwa umelipia uongo. Siri ina mpaka wake, nao muuliziane siku ya kwanza, mtoto akiwepo: mtoto akitaka kujidhuru, au kuna mtu anayemdhuru, mshauri hapaswi kunyamaza. Muulizeni pia kasomea wapi na kama amesajiliwa. Wanasaikolojia tiba nchini husajiliwa na baraza la taaluma za afya, na aliye mkweli hatachukia swali hilo.

Jambo la pili ndilo linalouma zaidi. Wengi wetu tunampeleka mtoto kama tunavyopeleka pikipiki kwa fundi: itengeneze, nitapita jioni. Kumbe mshauri mzuri atakuita na wewe. Atauliza nani anapiga kelele nyumbani, nani hazungumzi na nani, na yapi yaliyotokea kabla mtoto hajazaliwa. Hapo ndipo baba zetu wanapokasirika na kuchukua kofia zao.

Lakini sisi ni watu wa Rwanda. Tunalijua neno ihahamuka, na kila Aprili tunawaona vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya 1994 wakizidiwa katika kumbukumbu za Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Hawakuona kitu kwa macho yao. Wamekua ndani ya nyumba ambamo mama hulia kwa siri na hakuna anayethubutu kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa 2018 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 5 nchini ana tatizo la akili la aina fulani, na miongoni mwa vijana wa miaka 14 hadi 18 ni karibu 1 kati ya 10. Katika madrasa yenye wanafunzi 60 wa umri huo, hesabu mwenyewe.

Wako watakaosema mtoto ana jini, au hana iman. Kisomo cha ruqya hatukipingi, na hakimzuii mtu kwenda kwa mshauri. Ila kumwambia mtoto mwenye huzuni kwamba iman yake ni ndogo ni kumwongezea mzigo. Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, nani atasema alikosa iman? Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, kila moja na tiba yake. Basi hili si jambo lililokuja na Wazungu.

Baba yule hakufurahi nasi. Akauliza, basi aache kumpeleka? Tukamuuliza binti analala siku hizi. Akafikiri kidogo, akasema tangu mara ya pili analala.

Anayetaka kuanza asiogope kwamba lazima aende Ndera. Kwa mituweli njia huanzia kituo cha afya cha mtaani kwako, na wakiona haja watakupa karatasi ya rufaa ya hospitali ya wilaya. Nenda siku ambayo huna haraka ya kurudi dukani, na njiani usimfundishe mtoto la kusema.

Wabillahi tawfiq.