Kichwa Ngumu



Juma hili twaomba radhi ya kuanza na neno ambalo halisikiki sana mimbarini, ingawa sidhani kama kuna nyumba katika parokia yetu ambamo halitamkwi. Ni neno la jikoni, la darasani na la kituo cha daladala. Mama humwambia mwanawe aliyetumwa chumvi akanogewa na mpira njiani: “Wewe ni kichwa ngumu!” Mwalimu humwambia mwanafunzi aliyekosa hesabu ileile kwa mara ya nne. Mke humsimulia jirani habari za mumewe anayekohoa miezi miwili na hataki kwenda hospitali. Nasi mapadre, tukiri wazi, husemezana hivyo juu ya waamini wetu, na waamini husemezana hivyo juu yetu.

Kilichotusukuma kuliandika ni deni. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukiwaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza. Miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka kama kumi, mkimya, aliyependa kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Ukimwuliza Sala ya Bwana ataisema nusu, tena kwa maneno yasiyofanana na ya wenzake. Ukimtuma mlangoni atakwenda dirishani. Ukimwita kwa jina hageuki mpaka mwenzake amguse bega. Katekista alivumilia mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu alimleta ofisini akasema, “Padre, huyu amenishinda. Ni kichwa ngumu.” Nasi, badala ya kumwuliza mtoto neno lolote, tulilirudia neno lile mbele ya wenzake waliokuwa wakichungulia, tukamwahirisha hadi mwaka unaofuata. Tangu siku ile wenzake wakampa jina. Jina la ubatizo likasahauliwa. Akawa Kichwa Ngumu.

Tutarudi kwake. Kwanza tulitazame neno lenyewe.

Wapenzi wa sarufi watatuambia kwamba “kichwa” ni cha ngeli ya KI-VI, hivyo yapasa tuseme “kichwa kigumu”, kama tusemavyo kiti kigumu. Wasema kweli. Lakini mtaani neno limekwisha kujichagulia umbo lake, na kama wale linaowataja, halikubali kusahihishwa. Ukisema “kichwa kigumu”, msikilizaji aweza kudhani wazungumzia fuvu. Ukisema “kichwa ngumu”, anajua mara moja kwamba wamzungumzia mtu.

Lugha yetu hupenda kuzisoma tabia za mtu katika viungo vya mwili wake. Mwenye mkono wa birika ni bahili, mwenye mkono mrefu ni mdokozi, mwenye uso mkavu hana haya. Kichwa nacho kina hali nyingi: chepesi hushika upesi, kizito huchelewa kuelewa, na mwenye kichwa maji hatulii katika jambo moja. Kichwa ngumu, hata hivyo, kinabeba mizigo miwili kwa mpigo. Mara nyingine twamaanisha kwamba somo haliingii. Hilo ni jambo la akili. Mara nyingine twamaanisha kwamba neno limeingia, limeeleweka, na mtu amelikataa. Hilo ni jambo la utashi. Wa kwanza hana kosa lolote. Wa pili huenda analo. Lakini wote wawili twawapa jina moja, na mara nyingi adhabu moja.

Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Kinayo maneno ya kutosha kwa mwenye subira ya kuchagua. Mkaidi hukataa kutii. Mbishi hukataa kukubali kwamba hoja yake imeshindwa. Mwenye inda hukataa ili tu kumkomoa mwenzake. Mshupavu hukataa kurudi nyuma katika jambo analoliona kuwa jema. Hawa ni watu wanne tofauti, na hawatibiwi kwa dawa moja. Neno la mtaani huwafunga wote katika furushi moja, kwa kuwa hutamkwa na mtu aliyechoka. Tukilichunguza vizuri, mara nyingi halielezi hali ya anayeambiwa. Laeleza mahali uvumilivu wa msemaji ulipoishia.

Kuna tatizo jingine la ndani zaidi. Katika lugha yetu “kusikia” ni kupokea sauti, na “kusikia” ni kutii. Mzazi akilalamika, “Mtoto huyu hasikii,” hakuna jirani atakayekimbilia kumtafuta daktari. Wote wataelewa kwamba mtoto hatii. Methali zetu zimejengwa juu ya msingi huohuo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Ni methali za hekima. Lakini tumezizoea kiasi kwamba mtoto asiyesikia kweli, kwa masikio yake ya nyama, anaweza kuishi katikati yetu miaka mingi, nasi tukasema kila siku kwamba hasikii bila kujisikia tunalosema.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mvulana wetu. Mwaka uliofuata, Sista mmoja mwuguzi alikuja kuwasemesha watoto habari za usafi. Alikaa nyuma akisubiri zamu yake, karibu na mlango, na aliona kile ambacho sisi hatukukiona kwa mwaka mzima: alama ya usaha uliokauka chini ya sikio la mtoto. Alimgeuza taratibu akatazama la pili. Kisha akasimama nyuma yake akamwita kwa sauti ya kawaida, mara mbili. Mtoto hakugeuka. Mama yake alipoulizwa alisema masikio yalianza kutoa usaha angali mchanga. Yakikauka wanashukuru, yakirudi wanatia mafuta. Hospitali walithibitisha kwamba sikio moja lilikuwa karibu halisikii kabisa, na la pili lilisikia kidogo. Maradhi hayo ni ya kawaida kwa watoto wetu, na yakiachwa bila tiba hupunguza usikivu. Sikio lile halikuwa la kufa, ndugu wapendwa. Lilihitaji dawa, nasi tulilipatia methali.

Alihamishiwa benchi la mbele. Katekista alijifunza kumtazama usoni anaposema, na kutomfundisha akiwa ameelekea ubaoni. Sala ambazo hakuzijua kwa mwaka mzima alizishika kwa majuma machache.

Maandiko Matakatifu nayo yanalo neno la jamii hii, ila yamelichukua shingoni: taifa lenye shingo ngumu. Ni picha ya maksai. Wenzetu wanaolima kwa jembe la kukokotwa wanajua: ng'ombe asiyekubali kuinamisha shingo avishwe nira hakulimii shamba. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 32, baada ya ndama wa dhahabu, Mungu analitumia neno hilo kuwashtaki Waisraeli. Lakini tusiishie hapo. Katika sura ya 34 Musa analichukua neno lilelile na kuligeuza kuwa ombi. Anakiri kwamba watu hawa wana shingo ngumu, kisha anamsihi Bwana aende pamoja nao hata hivyo; na anapoomba msamaha haombei makosa “yao”, bali makosa “yetu”. Yeye hakuabudu ndama. Hata hivyo alijiweka ndani ya kundi. Sisi hulitumia neno hili tukiwa tumesimama nje, kidole kimenyooshwa.

Karne nyingi baadaye Stefano alilitamka mbele ya Baraza, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 7, na akayataja masikio pamoja na mioyo. Walimjibuje? Waliyaziba masikio yao kwa mikono wakamrukia. Hapo ndipo tunapouona ukaidi halisi. Mkaidi ni yule awezaye kusikia, akachagua kuziba. Asiyeweza kusikia hajaziba kitu.

Je, kila anayekataa kwa makusudi ni mkaidi? Tumsikilize punda wa Balaamu, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Mara ya kwanza aliiacha njia akaingia shambani. Mara ya pili alijibana ukutani akauponda mguu wa bwana wake. Mara ya tatu alilala chini. Mara zote tatu alipigwa. Nani kati yetu asingempiga? Kumbe mbele yao alisimama malaika mwenye upanga. Mnyama alimwona, nabii hakumwona. Balaamu aliambiwa kwamba kama punda asingegeuka, yeye mwenyewe angekufa. Shingo ngumu ilikuwa ya mwenye fimbo.

Nasi tumekuwa Balaamu. Wakati fulani Halmashauri ya Walei iliamua kuziba lango dogo la nyuma kwa sababu ya wizi. Mama mmoja mzee alipinga katika kikao cha kwanza, cha pili na cha tatu. Hakuwa na ufasaha. Alirudia tu kwamba lango lisizibwe. Tulinong'onezana neno lile, tukapiga kura, lango likazibwa. Masika yalipofika, wazee wa upande wa bondeni hawakuonekana tena Misani, kwa kuwa njia ya kuzungukia lango kuu ilikuwa tope na utelezi. Mama yule aliipita njia ile kila siku kwa miguu yake. Sisi tuliipita kwa gari. Lango lilifunguliwa tena, likawekewa kufuli, na ufunguo anautunza yeye.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia kupima. Katika Muhtasari wake wa Teolojia anafundisha kwamba fadhila ya udumifu imesimama kati ya vilema viwili: upande mmoja ulegevu wa anayeacha jema mara linapomgharimu, upande wa pili ukaidi wa anayeng'ang'ania kuliko ipasavyo. Kwa nje, mdumifu na mkaidi hufanana sana: wote wawili hawaondoki waliposimama. Wanachotofautiana ni kile wanachokishikilia, na kama wangali tayari kusikia.

Ndiyo maana watawala wamekosea mara nyingi kuwasoma waamini. Takriban mwaka 112, Plinius Mdogo, liwali wa Kirumi huko Bitinia, alimwandikia Kaisari Trajanus habari za Wakristo aliowahukumu, na hoja yake ilikuwa kwamba, vyovyote iwavyo imani yao, ule ukaidi wao wa kutopinda ulistahili adhabu. Karibu nasi zaidi, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga waliamriwa kuiacha dini yao wakakataa. Kwa macho ya mtawala walikuwa vichwa ngumu. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu.

Twajua wapo watakaosema: “Padre, mwataka tuwalee watoto kama mayai. Samaki mkunje angali mbichi.” Hatupingi. Ukaidi upo, na huangamiza nyumba. Yule mume anayekohoa na hataki hospitali, yupo. Kijana anayeonywa juu ya gongo na bangi akacheka, yupo. Padre asiyeshaurika, naye yupo, na mwajua anakoishi. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, na mzazi asiyekemea hampendi mwanawe. Tunachokataa ni hukumu inayotangulia uchunguzi. Samaki hukunjwa kwa mkono wa taratibu. Jina la dhihaka halikunji kitu, huganda tu.

Basi kabla ya kulitamka neno hili, tujiulize mambo matatu, tena kwa mpangilio huu. Je, amesikia? Tumsogelee, tumtazame usoni, tumpime masikio na macho. Je, ameelewa? Tueleze kwa njia nyingine, maana huenda kizito ni kinywa chetu. Je, anakataa? Ikiwa ndivyo, tumwulize anaona nini, na tumpe nafasi ya kujibu hadi mwisho. Baada ya hayo matatu, akiwa bado ameziba masikio, tumkemee kwa jina lake la ubatizo, faraghani, bila jina la kupanga.

Mvulana wetu sasa ni mtu mzima, fundi seremala hodari, ana mke na mtoto. Masikio yalitibiwa kwa kiasi. La kushoto halikupona. Alipokuja kuandikisha ubatizo wa mwanawe tulimwomba radhi, miaka mingi ikiwa imepita. Alitabasamu akasema amekwisha kuzoea. Alipotoka nje, rafiki yake aliyekuwa akimsubiri kwenye pikipiki alimwita kwa sauti kubwa, bila ubaya wowote, kwa jina lile tulilompa sisi. Aligeuka upesi.

Utuhurumie, Bwana, sisi tulio watu wa shingo ngumu, uende pamoja nasi. Amina.