DAFTARI LETU HALIUZWI



Mwezi uliopita alikuja mtu katika ofisi ya tawi letu, amevaa suti safi na maneno yake ni matamu. Hakuja kujiunga na chama, wala hakuleta shauri la kazi. Alisema yeye ni mshauri wa mambo ya siasa, na ya kuwa anamfanyia kazi mheshimiwa mmoja anayetafuta kiti. Alitaka daftari la wanachama: majina, namba za simu na mahali kila mtu anapokaa, hasa wale wa Kibera na Kawangware. Tukimpa, tawi litapata fedha kidogo na viti vipya vya ofisi. Viti vyetu vimevunjika, kila mtu ajua.

Halmashauri ya tawi ilikataa. Tangu siku hiyo wako wanachama wanaonung'unika ya kuwa tumetupa fedha za bure, na ndugu mmoja aliniuliza mbele ya watu kazini, "Namba yangu ya simu ina dhahabu gani?" Swali lake ni la haki, na yafaa lijibiwe.

Ndugu, dhahabu ipo, maana watu hawatoki mbali kutafuta kitu kisicho na bei. Katika chaguzi za mwaka 2013 na 2017 kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica ilifanya kazi hapa Kenya. Mwezi wa Machi 2018 mkubwa wake mmoja alinaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Channel 4 ya huko London, akijisifu ya kuwa wao ndio waliokipa chama kizima sura mpya mara mbili, wakakiandikia ilani, na kuuliza maoni ya watu 50,000 mara mbili. Miezi miwili baadaye kampuni hiyo ilifungwa. Upande wa pili nao ulikuwa na wataalamu wake. Agosti 2017, siku chache kabla ya kura, Mmarekani mmoja na Mkanada mmoja waliokuwa wakiusaidia muungano wa NASA walikamatwa na kufukuzwa nchini. Tena mwaka 2021 Wakenya wengi walipotazama orodha za vyama vya siasa walijikuta wameandikwa wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Nani aliyewapa wale wenye vyama majina yao na namba za vitambulisho? Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yakataza kutoa habari za mtu bila ridhaa yake. Wewe ulitupa namba yako ili tukupigie siku ukisimamishwa kazi, au siku mwenzako akifiwa.

Mshauri wa kulipwa humaliza kazi yake akapanda ndege. Sisi hubaki. Mimi nilikuwa mvulana wa shule Januari 2008 watu walipong'oa reli Kibera baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Reli ile ndiyo njia ya Nakuru, Kisumu na Uganda. Niliona mataruma yamelala kando na vyuma vimepindwa, nami sikujua ya kuwa siku moja nitalipwa mshahara kwa kuitunza njia hiyo hiyo. Na Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, moto uliwaka Kawangware. Maduka yakachomwa, majirani waliokopeshana chumvi wakawindana kwa kabila. Sisemi washauri ndio waliong'oa reli au kutia moto. Nasema ya kuwa mtu mwenye orodha ya majina na mitaa aweza kujua ni nyumba gani ya kabila gani, na orodha ikiisha kutoka mikononi mwetu hatuwezi kuirudisha.

Wako wenzetu watakaosema, basi chama kikae mbali kabisa na siasa. Hapana. Mshahara wetu ni siasa, na nauli ni siasa, na maji ya mtungi yanayouzwa Laini Saba ni siasa. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao mara ya kwanza, sheria ilimpa mtu mmoja kura moja, mwingine mbili au tatu, kwa kadiri ya elimu, mapato na mali yake, na vibarua wengi hawakupata hata moja. Hata hivyo Tom Mboya, katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, alishinda kiti cha Nairobi. Leo mfagiaji na meneja kila mmoja ana kura moja. Lakini twaifanyia nini?

Tazama uchaguzi mdogo wa Kibra wa tarehe 7 Novemba 2019, baada ya kufariki mbunge Ken Okoth. Walioandikishwa walizidi 118,000. Aliyeshinda, Imran Okoth, alipata kura 24,636. Maana yake mtu mmoja kwa watano alitosha kuchagua mbunge wa wote, na wengi hawakufika kituoni. Sizungumzi juu ya nani alifaa. Nazungumza juu ya hesabu. Wafanyakazi wa Kibera wakijipanga, hakuna mgombea awezaye kuwapita bila kuwasalimu.

Na kwa nini hatufiki? Niliwauliza watu wa gengi langu mmoja mmoja wakati wa chai. Zaidi ya nusu wameandikishwa nyumbani, Vihiga, Siaya, Machakos na kwingine, na siku ya kura hawana nauli wala ruhusa. Wengine wamehama chumba mara tatu wakaona haina haja. Mlinzi wa usiku anayekaa Kawangware hutoka lindoni amechoka, akakuta foleni ndefu. Dada anayefua nguo Lavington husema tajiri wake hakumpa nafasi, ingawa vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Hao hawamhitaji mtu wa suti. Wamhitaji mwenzao awakumbushe mapema kuhamisha jina, na chama kiwasemee kwa tajiri wapewe nafasi kwa zamu.

Katika shule ya misheni niliyosoma palikuwa na katekista mzee mwenye daftari dogo. Alijua kila nyumba: nani mgonjwa, nani hakuonekana kanisani. Alitembea kwa miguu na watu walimfungulia mlango kwa sababu walimjua. Huko Las Vegas, Marekani, chama cha wafanyakazi wa hoteli kiitwacho Culinary Local 226 hufanya vivyo hivyo. Wapishi na wasafishaji vyumba huchukua ruhusa kazini, kwa mapatano yaliyomo katika mkataba wao na matajiri, wakaenda mlango kwa mlango kuzungumza na wenzao. Mpishi hubisha kwa mpishi.

Kwa hiyo halmashauri inaleta shauri hili mbele yenu. Kila gengi na kila karakana ichague mtu wake. Mtu huyo ataandika mambo matatu tu: umeandikishwa au hukuandikishwa, kituo chako kiko wapi, na siku ya kura uko zamu ipi. Hataandika utampigia nani. Akikuuliza hilo, mfukuze na utuambie. Daftari lake litabaki kwa tawi. Pili, wagombea wote wa Kibra na wa Dagoretti Kaskazini wataitwa kujibu maswali yetu mbele ya wanachama, bila mashati ya bure wala unga. Watuambie juu ya taa na usalama wa watu wa zamu ya usiku. Watuambie kwa nini vibarua hufanya kazi miaka wakiitwa vibarua, hali Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yawapa haki nyingine baada ya kazi mfululizo ya mwezi mmoja. Tatu, hakuna ofisa wa tawi, nikiwamo mimi, atakayepanda jukwaa la mgombea na kusema wanachama wako pamoja naye kabla wanachama hawajaulizwa. Jambo hili la tatu limeleta ubishi katika halmashauri, na haukwisha. Mtalikata ninyi.

Katiba ya mwaka 2010 imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kwa mwaka 2027 siku hiyo ni tarehe 10. Daftari la wapiga kura hufungwa kabla, msingoje.

Mkutano wa tawi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana. Kila mtu aje na kitambulisho chake. Daftari la wanachama limo sandukuni, ufunguo anao mweka hazina. Wenye stuli nyumbani tafadhali waje nazo, kwa maana viti ni vile vile.

Mhariri