Mchezo Gani Huo?

Kaka yangu yuko Texas. Kanunua SKS, mtumba wa jeshi, eti "bunduki ya michezo". Jamani, mchezo gani huo? Mrusi Simonov aliibuni mwaka 1945 kwa ajili ya askari wa Kisovieti: risasi 10, ukifyatua moja nyingine inajipanga yenyewe. Tangu 1968 sheria ya Marekani inataka bunduki zinazotoka nje zifae kwa "michezo". Basi wauzaji wakajua kubatiza. Sisi tunaoandika tunajua nguvu ya jina. Kaka, umeshanunua, pesa ni zako, sigombi. Ila iite silaha ya vita. Mwanao ana miaka 6. Ukimwambia kabatini kuna kitu cha mchezo, atasubiri utoke, akacheze.