Usaili wa mkutubi ulianzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Dada yangu alinipigia Jumapili usiku, sauti iko juu. "Mdogo wangu, mtoto kaitwa usaili. Chuo kikuu, maktaba!" Kabla sijampa hongera akauliza lile swali letu Watanzania: pale unamjua nani?

Simjui mtu. Nilimwambia hivyo, kisha nikamwomba avitoe vyeti vyote vya binti, avitandaze kitandani, asome majina herufi kwa herufi.

Wazazi wenzangu, hapa tukae kidogo. Binti huyu amesomea ukutubi Bagamoyo, na mwaka jana aliitwa usaili mahali pengine. Akasafiri usiku kutoka Muheza, akafika getini saa moja asubuhi, akarudishwa. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, la baba limeandikwa Hamis. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, na huyo baba amekuwa Hamisi. Waliomrudisha hawakumwonea, tangazo lilisema wazi. Tuliokosea ni sisi wakubwa. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza mwalimu aliuliza jina, shemeji akalitamka, mwalimu akaandika alivyosikia, na hakuna aliyeinama kutazama. Miaka kumi na minane baadaye herufi moja ikamrudisha mtoto stendi.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hurudia mambo yale yale: vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa hadi cha chuo, kitambulisho, na hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Majina yakitofautiana, inatakiwa hati ya jina iliyosajiliwa kisheria. Aliyesoma nje ya nchi, vyeti vyake vihakikiwe na TCU, NACTVET au NECTA. Hati ya jina hupitia kwa wakili na kwenye usajili, si kazi ya jana yake jioni. Kama mwanao yuko darasa la tano, kalinganishe leo. Dada yangu alilipa wakili kwa fedha ya mchezo wa kina mama sokoni, na safari hii hati ilikuwa ndani ya bahasha.

Tulikuwa na siku kumi na mbili. Binti alikuja kwangu na begi la madaftari, akaanza kukariri. Maana ya maktaba ni hivi, faida za maktaba ni tano. Nikamwacha siku mbili, ya tatu nikamfunga daftari.

Usaili wa kazi hizi huweza kuwa na hatua tatu: mchujo wa kuandika, vitendo, na mahojiano ya ana kwa ana. Kwenye vitendo kukariri hakusaidii. Tulichukua vitabu vya watoto wangu, tukabandika karatasi zenye namba, tukamwaga sakafuni. Panga. Kipi kinatangulia, 630.12 au 630.9? Mimi mwenyewe niliweka 630.9 mbele, kwa kuwa tisa ni ndogo kuliko kumi na mbili. Binti akacheka. Baada ya nukta, husomi kumi na mbili, unasoma moja, halafu mbili. Kwa hiyo 630.12 hutangulia. Hiyo ni Dewey, ambayo maktaba nyingi za umma na za shule huitumia, na 630 ni kilimo. Vyuo vikuu vyetu kadhaa hutumia mpangilio wa Maktaba ya Congress ya Marekani, wenye herufi: kilimo S, tiba R, sheria K. Huko nako mtego ni ule ule, M35 hukaa kabla ya M4. Alikosea mara tatu siku ya kwanza. Siku ya sita mwanangu wa darasa la nne alikuwa akimsahihisha.

Mahojiano tulimwachia dada yangu, aliyekuja na maswali kwenye simu. Yeye anauza vitenge, maktaba ya chuo hajawahi kuingia, na nadhani ndiyo maana aliuliza vizuri kuliko mimi.

"Mwanafunzi kaja jioni analia. Kitabu kimeazimwa chote, kesho ana mtihani. Utamwambiaje?"

"Nitamwambia arudi kesho."

"Mteja hafukuzwi hivyo, mwanangu."

Wakaanza upya. Angalia kwenye katalogi kama kuna nakala kitengo cha kuazima kwa saa chache. Angalia toleo la zamani. Angalia kama kipo kwa njia ya kielektroniki. Muulize ni sura gani hasa anayoihitaji. Dada akaongeza la pili: mhadhiri amekaa na kitabu miezi mitano na hataki kurudisha, naye ni mkubwa kwako. Hilo liliwachukua jioni nzima, na sina hakika walimalizana.

Kisha lile la kila mahali: kwa nini unaitaka kazi hii? Binti akajibu, napenda kusoma vitabu. Nikamwambia wenzake wote watasema hivyo. Wewe ulifanya nini mafunzo kwa vitendo? Kumbe aliingiza taarifa za vitabu zaidi ya elfu moja kwenye Koha, programu isiyo na ada ya leseni ambayo vyuo kadhaa nchini vinaitumia. Alidhani hilo ni jambo dogo! Nikamtaka pia asome kuhusu Hinari na Agora, milango ya majarida ya afya na ya kilimo iliyoanzishwa chini ya WHO mwaka 2002 na FAO mwaka 2003, maana mkutubi wa chuo siku hizi humsaidia mtafiti ambaye huenda hata jengoni hafiki.

Nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa, hivyo alisafiri siku moja kabla na kulala kwa shangazi wa rafiki yake. Viatu aliazima vyangu, vinambana kidogo.

Alipiga simu saa tisa alasiri. Majina yalikaguliwa getini, hati ikatazamwa, akapita. Kwenye vitendo alipewa kigari cha vitabu apange. Kuhusu mhadhiri hawakumuuliza, na dada yangu amekasirika kweli.

Matokeo hayajatoka. Kila baada ya swala ya alfajiri mama mtu anafungua tovuti, halafu ananitumia ujumbe: bado.