Barabara Isiyo na Watu

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita tukidhani ni la watoto: mchezo wa mashindano ya magari. Sisi nasi tulilipita hivyo hivyo, mpaka siku lilipotoka kwenye kioo kidogo likaingia uani kwetu.

Kijana wetu wa pili ana miaka 16. Likizo iliyopita mjomba wake alimletea kifaa cha michezo cha kushika mkononi, aina ya PSP, kilichokwisha kutumika. Kampuni ya Sony ilianza kuuza vifaa hivyo Japani mwezi Desemba 2004, ikaacha kuvitengeneza mwaka 2014, lakini vilivyobaki bado vinapita kutoka mkono hadi mkono. Ndani ya kile chetu mlikuwa na mchezo mmoja tu, uitwao Gran Turismo, uliotolewa Oktoba 2009.

Mwanzoni hatukuujali. Tulimkuta amejikunja kwenye kochi, shingo imeinama, vidole vinacheza. Tukimwita akachote maji alijibu, "Nakuja Mama, namalizia mzunguko mmoja." Mzunguko huo mmoja haukuisha kamwe.

Asubuhi moja tulikuwa tumetoka zamu ya usiku. Usiku ule chumba cha majeruhi kilipokea vijana wawili waliopakiana kwenye pikipiki, na mmoja alikuwa wa umri wa mwanetu. Hatutaeleza zaidi. Tukafika nyumbani saa mbili, miguu imevimba, tukamkuta kijana na kioo chake. Gari lake likagonga ukuta kwa kishindo. Akacheka, akabonyeza kitufe, akaanza upya.

Tulimnyang'anya kifaa kile. Maneno tuliyomwambia hayafai kuandikwa kwenye ukurasa huu. Alinyamaza mpaka tulipoishiwa pumzi, kisha akasema kwa upole, "Mama, kabla hujakitupa, jaribu mzunguko mmoja tu."

Tukaketi. Alituchagulia Toyota Vitz, kama lile la mwalimu jirani yetu. Hapo tukaelewa kwa nini mchezo huu unawavuta watoto wetu. Una magari zaidi ya 800, mengi ya Kijapani, na mengi ni ndugu wa haya yanayotufikia bandarini yakiwa yamekwisha kutumika. Mtoto anaona gari la jirani, na sasa ni yeye dereva.

Kona ya kwanza tukatoka nje ya barabara. Tukarudi, tukatoka tena. Mara ya saba kijana akatushika bega. "Mama, unachelewa kushika breki. Punguza mwendo gari likiwa bado limenyooka. Ukingoja mpaka umeingia kwenye kona, tairi linaombwa kusimamisha gari na kulikatisha kona kwa wakati mmoja. Haliwezi kazi mbili."

Tulikitazama kifaa kile kwa macho mengine. Huu haukuwa mchezo wa kubonyeza ovyo. Mjapani Kazunori Yamauchi, aliyeanzisha michezo hii mwaka 1997, na wenzake wamejitahidi kufanya gari la kwenye kioo lifuate tabia ya gari la kweli: zito huchelewa kusimama, na lililozidishiwa mafuta kwenye kona huteleza. Kwa miaka mingi tumewaeleza watu kwamba gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kila sekunde, na kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, breki huhitaji umbali mara nne kulisimamisha. Tulilijua hilo kwa kichwa. Siku ile tulilijua kwa vidole.

Basi tukamrudishia, kwa masharti: baada ya kazi za shule, saa moja tu, na kitandani kisiingie. Tukadhani tumemaliza. Kumbe tulikuwa tumefanya nusu ya kazi.

Jumamosi moja, wiki mbili baadaye, tulikuwa jikoni tunachambua mchele. Baba wa nyumba alikuwa ameegesha gari uani, na ufunguo ulikuwa umetundikwa penye msumari wake wa siku zote. Tukasikia gari linawaka. Kabla hatujaweka ungo chini tukasikia kishindo.

Gari lilikuwa limerudi nyuma, likalaza pipa la maji na kuegemea ukuta. Kijana alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mikono inatetemeka. Maji yalitapakaa ua mzima. Chini ya gurudumu la nyuma palikuwa na sufuria, limebonyea kama karatasi iliyofinyangwa.

Mahali pale, kwenye kigoda kando ya pipa, binti yetu wa miaka 6 alikuwa anaosha vyombo. Dakika chache kabla tulikuwa tumemwita ndani aje atusaidie kuchambua mchele. Hatukumwita kwa sababu tuliona hatari. Tulimwita kwa sababu mchele ulikuwa na chenga nyingi.

Baba wa nyumba hakupiga wala hakufoka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akamshika binti yake mapajani, akanyamaza. Sisi tuliingia chumbani kumshukuru Mungu, na tukalia huko huko.

Jioni kijana alikuja mwenyewe. Akasema, "Mama, mimi najua gari linavyokwenda. Sikukumbuka kwamba nyuma yake kuna watu."

Maneno hayo hayajatutoka mpaka leo. Usiku ule tulikaa naye tukauwasha mchezo tena, tukatafuta watu. Barabara ni nyingi, za Ulaya, Marekani na Japani, nzuri kutazama. Lakini watazamaji wako mbali, nyuma ya uzio. Hakuna mtoto anayekimbiza mpira. Hakuna mama mwenye ndoo kichwani, wala mbuzi, wala bodaboda anayetokea upande usio wake. Gari likigonga ukuta, linaendelea kana kwamba halikuguswa. Na kitufe cha kuanza upya kipo siku zote. Mchezo ule haudanganyi juu ya gari, ila umenyamaza juu ya watu.

Wapo vijana waliotoka kwenye mchezo huu wakaingia kwenye mashindano ya kweli. Mwaka 2008 Sony na kampuni ya magari ya Nissan walianzisha shindano la kuwatafuta wachezaji hodari na kuwafanya madereva. Mshindi wa kwanza, Mhispania Lucas Ordóñez, mwaka 2011 alishika nafasi ya pili katika daraja la magari yao kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Kijana wetu alilijua jina hilo kabla yetu. Asilolitilia maanani ni kwamba Ordóñez hakutolewa kwenye kochi akapewa ufunguo. Alifundishwa kwanza ndani ya magari ya kweli, na walimu, mpaka akapata leseni ya mashindano.

Tena hata mafunzo hayo si kinga kamili. Mwingereza Jann Mardenborough, aliyeshinda shindano hilo hilo mwaka 2011, alikuwa dereva kamili mwezi Machi 2015 gari lake liliponyanyuka hewani katika kiwanja cha Nürburgring, Ujerumani, na kuruka uzio. Yeye alipona. Mtazamaji mmoja alifariki. Njia ile ya Nürburgring, yenye urefu wa karibu kilomita 21, imo ndani ya kile kifaa cha kijana wetu, na alikuwa ameizunguka mara nyingi. Tulipomsimulia habari hiyo aliweka kifaa chini, akauliza, "Huyo aliyefariki alikuwa amesimama tu?" Tukamjibu, ndiyo, alikuwa amesimama tu.

Tulipolisimulia jambo hili katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, mwenzetu mmoja alisema dawa ni kuvichoma vifaa hivi vyote. Tunamheshimu, lakini hatukukubaliana naye. Ukikichoma cha kwako, mtoto atacheza kwa jirani, na michezo ya aina hii sasa imo hata kwenye simu zetu. Mwingine alisema, "Ndivyo ilivyo, ajali haina kinga." Na huyu pia tulimkatalia. Sisi tuliokaa chumba cha majeruhi tunajua kwamba ajali nyingi zina kinga: ni mkanda uliofungwa, ni kofia ngumu iliyokazwa kidevuni, ni mguu uliowahi kwenye breki. Kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Hao ndio watoto waliolala vyumbani mwetu.

Basi tunawashirikisha yale tuliyofanya nyumbani kwetu.

Kwanza, mama, keti ucheze naye. Utatoka barabarani na atakucheka. Acha akucheke. Mtoto anayekufundisha jambo hukusikiliza pia unapomfundisha la kwako.

Pili, mtilie watu kwenye barabara ile. Anapokaribia kona muulize, "Hapo angetokea mtoto, ungesimama?" Kijana wetu mwanzoni alikasirika. Siku hizi hujibu mwenyewe kabla hatujauliza: "Huyo nimemgonga, Mama."

Tatu, linda macho na usingizi. Kila dakika 20 ainue kichwa atazame mbali kidogo, anyooshe na shingo. Kifaa kilale sebuleni, si chini ya mto. Na mtoto ambaye hajafika miaka miwili hana haja ya kioo chochote cha kuchezea.

Nne, ufunguo wa gari usitundikwe penye msumari. Kosa hilo lilikuwa letu wazazi, na tulimwambia kijana hivyo. Kuendesha gari la kweli kutangoja miaka 18, mwalimu wa udereva na leseni.

Tano, atumie anachokijua. Mtoto aliyejifunza kwamba kona huingiwa polepole anaweza kumwambia mwenye bodaboda, "Kaka, punguza kidogo," na akashuka asiposikilizwa. Mwambie mapema kwamba ukisikia ameshuka akafika nyumbani amechelewa, hutamgombeza.

Kifaa bado kipo, na kijana bado anacheza saa yake moja. Pipa tulinunua jipya. Lakini siku hizi baba wa nyumba akitaka kutoa gari uani, kijana wetu hutangulia. Hulizunguka gari lote, huinama akachungulia chini, kisha humwita mdogo wake kwa jina. Haruhusu gari liwashwe mpaka amemwona amesimama mlangoni.

Tukijaliwa, tutaonana mwezi ujao.